Kapita amerudi, na mimi sikupiga makofi

Goma, Jumapili. Mvua tangu misa ya kwanza, na wingu limekaa juu ya mji hata mlima hauonekani. Mimi pia sijaamka vizuri.

Leo nimekwenda siné. Naandika haraka, umeme usije ukakatika.

Kwa asiyejua: Paluku ni kaka yangu mkubwa. Alikwenda Vitshumbi kununua samaki, safari aliyoizoea, na hakurudi. Simu yake haiiti. Wako wanaosema lori lilisimamishwa njiani, wako wanaosema hata Vitshumbi hakufika. Aliyeona kitu kwa macho yake hayupo. Kiangazi chote kimepita hivyo na sasa mvua zimeanza tena.

Muzee wetu, baba, kule Butembo amechoka kungoja. Anataka tufanye matanga: tuzike shina la mgomba mahali pa mwili, jinsi baba yake alivyomfanyia ndugu yake aliyepotea, kisha misa, kisha watu wale na watawanyike. Lakini amesema hatazika mpaka watoto wake wote wakubali. Wote wamekubali, nimebaki mimi. Ananipigia kila Jumapili na hajawahi kuniuliza moja kwa moja. Ananiuliza kama huku mvua inanyesha.

Sasa hii siné. Ni ukumbi wa mbao, hapa Majengo, wenye mabenchi na televisheni kubwa. Film inaongea lugha yake, na Papa Mikro, jina tulilompa sisi, anakaa pembeni na kipaza sauti anatusimulia kwa Kiswahili chetu. Majina ya watu anayatoa mwenyewe. Jina halisi la yule shujaa silijui mpaka leo. Kwetu ni Kapita.

Film ya kwanza niliiona na Paluku, kabla vita havijaingia mjini. Mashine zilishuka kutoka angani zikauteka mji wa watu maskini. Kapita, ambaye alikuwa fundi wa mabomba tu, alibaki nyuma ameshikilia mlango wa chombo chao cha angani kwa mikono yake ili wenzake watoroke. Chombo kikalipuka, picha ikawa nyeusi. Tulilia, hata wanaume wenye ndevu. Ndipo Papa Mikro akasema: "Kapita hajakufa. Atarudia mu film ya pili."

Watu wakapiga makofi. Paluku akanigeukia akicheka, akanipa sheria yake ya sinema, ambayo aliisema kila mara na hakuna aliyeweza kumbishia: "Kama haujaona maiti, mutu hajakufa."

Nimeishi kwa maneno hayo. Nimewajibu nayo mashangazi, nimemjibu nayo padri.

Basi niliposikia film ya pili imefika, nilijiwekea sharti. Kapita akirudi, namwambia muzee hapana, tuendelee kungoja. Asiporudi, nakubali. Mtu mzima mimi, ninayewauzia watu dawa na kuwakataza kwenda kwa waganga, nikaiachia film iamue matanga ya kaka yangu.

Niseme haki yake kwanza. Vita vya darajani ni vizuri kuliko chochote katika ile ya kwanza. Mashine sasa zinajikunja zinakuwa ndogo, zinaingia ndani ya nyumba kwa kupitia mabomba, na nilijikuta nimenyanyua miguu kutoka sakafuni. Kwa muda nilisahau kila kitu. Sikumbuki mara ya mwisho niliposahau kila kitu.

Lakini watu wa film wamekuwa wasafi mno. Katika ya kwanza walikuwa na vumbi na njaa. Hawa wa sasa wanapigana siku nzima na kola hazijachafuka. Halafu kuna mahali volkano inalipuka, lava inawakimbiza barabarani, na shujaa wao mpya anasimama kutoa hotuba. Hapo ukumbi mzima, sisi tuliokwisha kukimbia lava ya mlima wetu, tulicheka. Mama mmoja nyuma yangu akawaambia waache maneno, wabebe matela, magodoro yao, waende. Nami nilicheka, na kicheko kilinishtua.

Risasi za film siku hizi hatuzisikii. Zikikaribia, Papa Mikro anapunguza sauti ya televisheni hadi mwisho ili majirani wasidhani vita vimeanza tena wakakimbia na watoto. Anazifanya mwenyewe kwa mdomo, polepole, pa, pa, pa. Hata hivyo kijana wa mbele yangu aliinamisha kichwa kila mara, na hakuna aliyemtania.

Karibu na mwisho mlango wa barafu ukafunguka, na Kapita akatoka.

Ukumbi uliruka. Miluzi, makofi, mabenchi yakaanguka. Papa Mikro alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Mimi niliyemngoja kuliko wote nilibaki nimekaa.

Mashine zilikuwa zimehifadhi tone la damu yake, ndivyo tulivyoelezwa, zikamtengeneza upya. Nilimtazama mikono. Ile mikono iliyoungua mlangoni ilikuwa laini, haina hata kovu. Dada yake alimkimbilia, akamkumbatia, akalia. Yeye akampigapiga bega na kuuliza silaha ziko wapi. Hakuuliza mama yao yuko wapi, wala hakuuliza nani alikufa.

Paluku angeuliza mama yuko wapi kabla hajavua viatu.

Niliona wazi kwamba huyu hakurudi, wamemrudisha tu kwa sababu sisi tulimtaka. Na mimi nimekuwa nikifanya kazi hiyohiyo kwa kaka yangu, kila siku namtengenezea njia mpya ya kupona: amefungwa mahali, amevuka Uganda, amepoteza simu. Kila siku anatoka mzima, bila kovu. Kapita amerudi kama nilivyotaka, na badala ya tumaini nimetoka na hakika kwamba Paluku amekufa.

Watu walipotoka nilimfuata Papa Mikro, alikuwa anakunja nyaya zake. Nilimuuliza alijuaje, wakati ule, kwamba Kapita angerudi. Alinitazama akaona sitanii.

"Sikuwa najua kitu, mama," akasema. "Niliona munalia, nikasema tu."

Nilimshukuru, sijui kwa nini. Sina hasira naye. Nililia njia nzima mpaka nyumbani, uso wazi, na watu walinipisha kwa heshima tu. Mji huu umezoea.

Muzee amepiga sasa hivi. Akaniuliza mvua. Nikamwambia inanyesha. Akasema hata kwao inanyesha. Nikasikia kuku wake.

Nikasema, "Papa, muzike."

Halafu akauliza, kwa sauti ndogo ambayo siijui, "Iko nguo yake kwako?"

Mgomba hauzikwi uchi. Unavalishwa nguo ya mwenyewe.

Ninayo. Ni shati la bluu alilovua hapa kwangu asubuhi ile anaondoka, akaliacha kwenye msumari nyuma ya mlango. Nilimwambia muzee nitalituma. Kuna mama mfanyabiashara wa mtaani kwetu anayezunguka kwa Uganda hadi Butembo, maana barabara ya moja kwa moja imefungwa na vita, anaondoka wiki hii, atalibeba. Muzee akasema vizuri, akanibariki, akakata.

Sasa shati liko magotini mwangu. Linanuka samaki, na chini ya samaki linanuka yeye. Nguo ya maziko hupelekwa safi, hilo nalijua, nimelelewa hivyo. Sabuni iko, na nje mapipa yamejaa maji ya mvua.

Nilifue?