Usimwulize Kama Hajambo

Chumba cha juu, nyuma ya kiwanda cha sabuni,
Jumapili, baada ya kufua.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kikohozi cha Baba Mdogo sasa kinamwacha alale. Mimi sijambo. Masomo yananikubali, isipokuwa hesabu, ambazo bado tunazoeana nazo.

Habari za Mama ndizo zilizonikalisha niandike. Kwenye simu hukwambia hajambo, lakini ile baridi yabisi ya vidole haijaondoka. Asubuhi nyingine hawezi kufunga vifungo vyake, na kule kwa dobi anakopiga pasi ameanza kuogopa kwamba ataambiwa akapumzike moja kwa moja.

Kliniki nako kulikuwa vilevile. Daktari anamwuliza kama hajambo, naye, kwa adabu mliyofunzwa na Bibi, anajibu hajambo. Basi anapewa dawa zilezile, tunarudi nyumbani. Nilitamani kusema, ila mtoto haingilii maneno ya wakubwa.

Kisha akaja muuguzi mpya. Aliwaomba wagonjwa kila mmoja achague mwenyewe jambo moja la maisha yake, alifuatilie nyumbani, limwonyeshe mwili unavyokwenda. Mzee muuza magazeti alichagua kupanda ngazi huku akipiga mluzi. Mama alifikiri sana, akasema yeye atafuatilia kunisuka.

Kwa hiyo kipimo ni kichwa changu. Kila Jumamosi anaanza kwenye sikio la kushoto kwenda la kulia, na vidole vikikataa, anaachia hapohapo. Wiki njema anavuka utosi. Wiki mbaya habanduki sikioni. Nywele zinazobaki nazifunga utepe. Shoga yangu wa dawati aliniuliza kama msusi wangu alifukuzwa na nyuki. Jirani yetu, fundi cherehani, alitaka kunimalizia, nikamshukuru nikakataa. Akinimalizia, kipimo kitasema uongo.

Alhamisi tulirudi kliniki. Daktari akasalimia kama kawaida, na Mama akajibu kama kawaida. Mimi nikavua kitambaa changu cha kichwa, nikainama mbele yake. Daktari alinitazama kichwani, akasoma alichoandika muuguzi kwenye cheti, kisha akamgeukia Mama.

"Mama, vidole vilichokea wapi?"

Mama akanigusa juu ya sikio. "Hapa, daktari. Safari hii nimeishia hapa. Naumwa."

Sijawahi kumsikia akimwambia mtu neno hilo. Daktari alivuta kiti, akamshika kidole kimoja kimoja, akauliza habari za usiku, za pasi, za vifungo. Amembadilishia dawa. Amesema itachukua muda, na hakuahidi makubwa.

Jana alinisuka tena. Hatukufika mbali, ila hakusema samahani kama anavyosema siku zote. Aliimba.

Mama Mdogo, nina ombi. Ukipiga simu, usimwulize kama hajambo, maana jibu lake unalijua. Mwulize amefika wapi kichwani. Akinyamaza, msubiri. Wewe ni mdogo wake. Huenda kwako akasema mapema kuliko kwa daktari.

Nisalimie Baba Mdogo, na wale mapacha wako watundu, waambie dada yao anawakumbuka. Mungu aibariki mikono yenu, na ya Mama asiisahau.

Wako akupendaye, upande uliosukwa na upande unaosubiri,

Kidoti