Sufuria Yako Imeanza Kutembea Tena

Mama,

Tangu tukuzike, mvua zimeanza na kuisha, na mimi mke wa mwanao nimekuharibia kazi yako. Nakuambia mwenyewe, kabla hujasikia kwa wanaokufuata huko.

Uliniachia sufuria moja kubwa na wanawake kumi wa mtaa wetu, waliowapikia wagonjwa wasio na ndugu hapa Kindu: wachimbaji wa mgodi wa Kampene, vibarua wa reli, watu ambao mama zao wako mbali. Hospitali inatoa dawa. Chakula ni cha jamaa. Hakuna aliyelipwa hata kipande cha sabuni. Aliyepika leo aliiosha sufuria akaipeleka mwenyewe kwa mwenzake, kisha wakakaa kuongea, weeh, mpaka nikachoka kuwatazama. Nilisema wanapoteza wakati. Wewe ulicheka: "Aziza, usipeleke sufuria bila habari ya mugonjwa."

Basi mimi, msomi wa masista, nikaleta utaratibu. Nikaandika majina yote kwenye karatasi, kila mtu na siku yake, nikaibandika mlangoni kwangu. Asiyefika nilimtia alama nyekundu. Sufuria nikaiweka ndani, waje kuichukua. Asubuhi nilisimama barazani nikiita majina, nikajiona mukubwa kweli.

Wiki ya kwanza walikuja wote. Ya pili, wanne. Halafu ikafika siku hakuja mtu. Nilikwenda hospitali na ndizi chache tu, na yule mchimbaji aliyevunjika mguu akaniuliza taratibu, "Leo haiko muntu?" Mama, niliona aibu.

Nikaenda kwa Mama Mwajuma, rafiki yako wa tangu usichana, bado nimefura kwa hasira. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akitwanga majani ya muhogo ya sombe. Kisha akaweka mchi chini.

"Mume wangu wanamuita jina kila asubuhi kwa barabara ya Bula Matari. Akikosa, fimbo. Kwa Feza, mama mukwe yako, nilikuja kwa miguu yangu. Weye umeniandika."

Nililia pale pale mbele ya kinu chake. Bula Matari, serikali ya Wazungu, inaita majina, na mimi, mkwe wako, nikasimama barazani kwako nikaita majina.

Karatasi niliichana. Kesho yake nikaosha sufuria, nikaibeba kichwani hadi kwake, nikampa habari: mchimbaji wetu hawezi pilipili, na anapenda ukoko wa wali. Sikumwomba apike. Aliipokea, akaiingiza jikoni.

Baada ya hapo sikujua ilikwenda kwa nani. Ilinisumbua, sikufichi, mara mbili nilichungulia nyua za watu kama mwizi wa kuku. Lakini kila nilipofika hospitali, wagonjwa walikuwa wamekula. Kwangu haikuja. Nikasema moyoni, wamenitoa, na wana haki.

Leo asubuhi nimefungua mlango, Mama Mwajuma amesimama na sufuria, imesuguliwa ndani na nje. Amesema mchimbaji ameanza kukanyaga chini na anaulizia sombe. Kisha akakaa. Hakuwa na haraka, na mimi sikuwa nayo.

Pumzika, Mama Feza. Kalamu nimeibakiza kwa barua zako. Jina la mtu sitalibandika tena mlangoni. Acha niwashe moto. Leo sufuria iko kwangu.

Mkwe wako,
Aziza