Kamba ya Kuanikia

Alhamisi

Nilijua leo nafukuzwa kazi.

Kodi hapa Tukuyu, mtaa wa Msasani, ni nafuu, ndiyo maana naishi huku na kazi iko Mbeya mjini. Ila nguo hazikauki! Mvua, ukungu, mvua tena. Basi nazibeba mbichi kwenye mfuko, naenda kuzianika nyuma ya ofisi, juani. Jirani yangu Mama Rukia naye kashajua. Jana kaniletea kanzu ya mumewe: "Mwanangu, keshokutwa Ijumaa, nianikie na hii."

Mchana bosi katokea kule nyuma na wageni. Kanzu inapepea, pembeni chupi zangu tatu. Wageni walipoondoka akaniita, akafunga mlango.

"Ile kamba ni yako?"

"Ndiyo, bosi. Naomba unisamehe."

Akanong'ona: "Nimehamia huko huko kwenu Tukuyu. Sina hata soksi kavu. Nafasi ipo?"

Nikasema ipo. Ningesemaje?

Kanzu imekauka, Mama Rukia kanipa vitumbua, na kazi bado ninayo. Lakini kamba ni moja, na kesho chupi zangu na za bosi...

Hapana. Zangu nitazivaa hivyo hivyo mbichi.