Teke Linatoka Nyongani

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za dhati, wewe na wapwa zangu. Natumaini mkono wako umeshaunga na plasta imetolewa. Mimi ni mzima, ila nimeshonwa nyuzi saba juu ya jicho. Barua yako ya kunishukuru kwa kumwokoa mumeo imenifika. Nimeisoma mara nne, na kila mara imenichoma.

Acha nianzie mbali kidogo. Shemeji aliponitafutia kazi ya kukwangua matumbo ya meli, nilienda dukani na kuchagua mapezi ya kuzamia ya kuvaa miguuni, marefu, magumu kama mbao, kama aliyovaa yeye. Mwalimu wetu wa kuzamia, mama mfupi mwenye sauti ya king'ora, aliyakunja gotini yakagoma kupinda. Akaniambia miguu yangu ni njiti, yatanivunja. Nikajitia kichwa kigumu. Siku ya kwanza tu mashavu ya miguu yalikaza nikavutwa kwa kamba kama gunia.

Nikayarudisha. Safari hii mwalimu alinikalisha, akanivalisha viatu vya mpira kwanza, kisha mapezi mafupi, mapana, yanayopinda. Akataka vidole vicheze na kisigino kisicheze. Majini nilikunja magoti, naye akanichapa ufito: "Unaendesha baiskeli? Teke linatoka nyongani!" Wiki tatu nilipigwa, hadi nikajua kunyoosha mguu, kulegeza kifundo na kupiga polepole. Hewa iliyokuwa ikiniishia kwa dakika ishirini ikanitosha arobaini. Shemeji aliyaita mapezi yangu miguu ya bata.

Jumanne ile asubuhi, tukiwa wawili kwenye boti, nilimuuliza kuhusu mkono wako. Nilimwambia najua hukuteleza bafuni. Alicheka, akasema mambo ya nyumbani kwake hayanihusu, kisha akanisukuma majini.

Chini ya meli alinijia kwa nyuma. Alining'oa kipumulio mdomoni, akanikamata shingo na kunigongesha kichwa kwenye chuma, mara mbili, makombe makali ya bahari yaliyoganda pale yakanipasua uso. Damu kule chini haiwi nyekundu, dada. Ni ya kijani, inapanda kama moshi. Nilimeza maji. Nilimpiga kiwiko, nikajinasua, nikakirudisha kipumulio na kukimbia.

Alinifukuza na kikwangulio mkononi. Nilisikia hofu ikinivuta magoti yakunjike, nikayakataa. Nilipiga kutoka nyongani, taratibu, na kila teke lilinisogeza mbali naye. Yeye alipiga kwa hasira na yale mambao yake hadi pumzi zikamwisha. Nilipogeuka nilimwona amejikunja, ameshika mguu uliokaza, kikwangulio kimemdondoka juu ya mnyororo wa nanga.

Hapa ndipo nilipokudanganya. Niliwaambia wote kwamba alipigwa na panga la injini ya meli, naye kwa aibu akaitikia kwa kichwa. Hakuna panga lililozunguka siku ile. Nilikuwa nimeshaponyoka, dada. Juu kulikuwa kweupe na boti nikiiona. Yeye aliinua kiganja kuomba msaada. Nikarudi, nikaokota kile kikwangulio, nikampiga taya, nikasikia likivunjika. Nikampiga bega. Kisha nikaushika mkono wake wa kulia, ule anaokupigia, nikaupiga hadi ukalegea. Ndipo nikambeba kwenda juu.

Barua yako ya shukrani nimeifunga humu, nakurudishia. Kesho asubuhi nakwenda kwa msimamizi wa kazi, halafu polisi, kueleza yote. Chumba changu kina kitanda na jiko. Ufunguo anao mwalimu, njoo na watoto. Kama utaamua kubaki kumuuguza, sitakulaumu.

Lakini sikumpiga kwa ajili yako peke yako. Pigo la kwanza lilikuwa lako. Yaliyofuata niliyafurahia, na sasa naogopa mikono yangu.

Wabusu watoto kwa niaba yangu, usiwaambie bado. Mungu akutunze.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba