Mkono kwenye Paji la Kocha

Jumapili, 2 Februari

Baridi ya kukata masikio. Nimefika mapema ukumbini, mtaa wa Frogtown hapa Saint Paul, Minnesota, nikaunganisha ubao wa saa, nikapangusa meza. Kila Jumapili naendesha saa ya mchezo wa ligi ya kikapu. Mstaafu asipokuwa na saa ya kumtawala huoza.

Kocha Renato alinikuta mezani. Kama kawaida akauchukua mkono wangu, akainama, akaugusisha kwenye paji la uso wake. Ndiyo shikamoo ya kwao Ufilipino. Ananiita Tatay, yaani baba, ingawa naye kapita sitini. Anasema mkono wa mzee ukinyooshwa, mwili unainama wenyewe, hauulizi kichwa.

Tumeshinda. Lakini kwa fujo. Kocha alipiga kiti teke, kikaruka hadi miguuni pa refa.

Jumatano, 5 Februari

Kamati ya ligi imekaa. Wamekumbushana ngumi Renato aliyompiga refa mwaka jana. Onyo la mwisho: akimpiga mtu mmoja tu, hafundishi tena, si hapa Saint Paul, si katika mji pacha wa jirani. Vijana wetu wa chuo, Watanzania na Wakenya, hawana kocha mwingine. Yeye hana kitu kingine kabisa.

Nilimpelekea habari. Akacheka. Sikupenda kicheko kile.

Jumamosi, 8 Februari

Kahawa kwangu. Renato amenisimulia maisha yake kwa mpangilio wa magari. Gari la kwanza, jekundu, la mjomba wake. La pili, alilojitengenezea. La tatu, la mashindano, lililoacha barabara kwenye kona ya mlimani. Mdogo wake alikuwa kando yake akimsomea ramani. Moto. Renato alitoka. Mdogo wake hakutoka. Ngozi ya shingo yake imekunjamana kama karatasi iliyofinyangwa.

Hakushindana tena. Akageukia mpira wa kikapu, ambao kwao huchezwa kila uchochoro. Alifundisha timu kubwa, akatwaa vikombe, akafukuzwa. Timu nyingine, kombe jingine, ngumi nyingine. Mwisho akamfuata binti yake Minnesota, na sasa anaendesha gari la kupeleka wagonjwa hospitali, Saint Paul.

Nilimuuliza kwa nini anapiga watu. Akasema uwanjani hakuna anayeungua, kwa hiyo hajui pa kukomea. Nimeifikiria sentensi hiyo siku nzima.

Jumapili, 16 Februari

Tumecheza na timu ya Fridley. Viwiko, magoti, mate. Kocha wao, Dominic, mtu mnene mwenye sauti ya mnadi, amejua habari za ajali, sijui kutoka wapi. Akawa anapaza sauti kutoka benchi lao:

"We dereva! Msoma ramani wako leo kakuachia nani?"

Benchi lao zima likacheka. Renato aliuma taulo. Mpira ulipoisha aliingia chumba cha kubadilishia nguo, akaupiga ukuta mpaka vifundo vikachanika. Mjukuu wangu Seif, mchezaji wa kati wa timu, ndiye aliyemfunga bendeji. Garini nilimuuliza Seif kwa Kiswahili anamwonaje kocha, akanijibu kwa Kiingereza, kama siku zote: anamwogopa kocha, na hataki kocha mwingine.

Fainali ni dhidi ya haohao.

Jumapili, 23 Februari

Leo fainali. Niandike kwa mpangilio.

Tulikuwa tunaongoza. Seif akaruka chini ya kikapu. Mtu wa Fridley akampiga kiwiko cha mdomo, makusudi kabisa. Nilisikia meno. Damu kwenye mbao, damu kwenye jezi, Seif kapiga magoti anayaokota. Nikasimamisha saa. Dominic akapiga kelele, "Kona hiyo, dereva! Kata kona!"

Renato alinyanyua kiti cha chuma. Watu walikuwa wamekwisha kumiminika uwanjani, wanapigana ngumi, wanakanyagana. Yeye hakumwona mtu ila Dominic.

Nilitaka ampige. Niandike ukweli. Nilitaka kusikia taya lile likivunjika.

Lakini miguu ilinipeleka katikati yao. Nikanyoosha mkono, kiganja chini.

Alisimama. Kiti kikamdondoka. Akauchukua mkono wangu, akainama, paji lake likanigusa. Lilikuwa la moto na jasho. Alipokuwa anainua uso, Dominic alimpiga kwa chupa ya chuma ya maji. Jicho la kushoto. Mlio wake sitausahau.

Jumatatu, 24 Februari

Hospitali. Jicho la Renato halikuokoka. Seif kashonwa mdomo, ufizi umevimba. Dominic yuko mikononi mwa polisi.

Nimemfunga Renato kwa adabu yake mwenyewe, kisha akapigwa. Najichukia. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Tatay, ningemuua." Akalala.

Alhamisi, 27 Februari

Kamati imetazama picha za simu. Inaonekana wazi: kadondosha kiti, hakumgusa mtu. Timu inabaki kuwa yake. Ila kazi ya kuendesha wagonjwa, kwa jicho moja, imekwisha.

Sikufurahi wala sikulia. Nilikaa.

Jumapili, 9 Machi

Theluji inayeyuka, nyeusi, kandokando ya University Avenue. Nilimpitia Renato kwenda mazoezini. Alikaa kushoto, kwenye usukani, kwa mazoea, nikamhamisha. Njia nzima mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga sakafu.

"Tatay, hata jeneza linakwenda mbio kuliko wewe."

"Jeneza halina abiria mwenye kelele."

Ukumbini niliunganisha saa. Seif alikuwa tayari anarusha mpira, mdomo umefungwa. Renato alivua koti, akaja mezani, akanyoosha mkono kuuchukua wangu. Akakosea umbali, akashika hewa.

Nikausogeza wangu pale mkono wake ulipokuwa.