Fiston na wakubwa wake

Umbilo, Jumapili, Agosti 1998

Bado sijui kama Fiston ataweza. Mguu anao, hilo sibishani na mtu. Lakini kiungo mchezeshaji lazima awaamrishe wenzake, na timu yetu nzima inamwita mdogo, naye anamwita kila mmoja yaya, kaka mkubwa.

Leo baada ya ibada tumecheza na watu wa Isipingo. Winga wetu alisimama peke yake kulia, hana mtu wa kumkaba, na Fiston alimwona. Akampa mpira Prosper, kwa sababu tu Prosper aliuomba. Prosper ni mkubwa kwake, ana tumbo, na ndiye aliyempa mahali pa kulala tangu afike Durban. Mpira ukapotea. Ikawa hivyo kipindi kizima.

Mapumziko nikamwita pembeni. "Humu uwanjani hakuna yaya. Wote ni sawa."

Akaangalia viatu vyake. "Ndiyo, kocha. Lakini usiku nalala kwake."



Kipindi cha pili Prosper akanyoosha mkono tena. Fiston akampita kama hajamwona, akapeleka mpira kulia, tukasawazisha. Wengine walishangilia. Mimi nilikuwa namtazama Prosper. Mechi ilipoisha alipanda taxi bila kumngoja Fiston.

Basi Fiston yuko hapa kwangu, amejilaza kwenye mkeka. Nimemwambia asijisumbue na heshima za mwenye nyumba, mimi aendelee kuniita kocha tu.

"Ndiyo, yaya," amesema.