Hooyo, Pipa Lako Linafuka Moshi

Hooyo, mama yangu,

Sijui salamu zinakufikiaje huko, kwa hiyo naanza moja kwa moja na habari za nyumbani. Pipa lako linafuka moshi. Linafuka sasa hivi ninapoandika, hapo uani kati ya tangi la maji na ukuta wa jirani, mahali pale pale ulipopanyooshea kidole siku tulipolishusha kwenye mkokoteni. Na mimi nimekaa. Najua hutaamini. Tangu tukuzike sijakaa mahali pamoja nikamaliza hata kikombe cha chai.

Nakuandikia kwa Kiswahili, usinicheke. Nikianza kwa Kisomali nalia kabla sijamaliza jina lako. Kiswahili ndicho ulichonipeleka shule nikasome, ndicho ninachofundisha watoto wa watu hapa Garissa, na wewe mwenyewe ndicho ulichouzia maziwa ya ngamia na kugombania na mafundi. Humo naweza kujikaza kidogo.

Jambo lenyewe ni hili. Aabo aliamua kurudi kwetu kwa zamani, Bute. Alisema atakwenda kukaa na kaka yako, Abti Yusuf, awe karibu na ngamia. Baba yangu huyu, ambaye magoti yake hayamfikishi msikitini bila kupumzika njiani, anataka kwenda kukaa na ngamia! Nilimwambia hivyo hivyo, kwa sauti ambayo ungenikemea kwayo. Alikuwa hali chakula, Hooyo. Chai ya rangi na tende, basi. Nikimpikia wali ananishukuru, halafu nikigeuka anawamwagia kuku. Siku moja alisimama mlangoni pa jikoni, akanusa, akanusa tena, akasema, "Nyumba hii haina harufu." Kisha akaenda kutafuta mkoba wake.

Nilijua anasema harufu gani. Ile ya vyombo vyako vya maziwa ulivyokuwa ukivifukiza kwa kaa la mgunga, na ile ya nyama uliyokuwa ukiitundika juu ya moto kule Bute kabla hatujahamia huku, kwenye bati na jiko la gesi. Ulilalamika kuhusu gesi mpaka majirani wakajua. "Nyama ya gesi ni ya mgonjwa," ulisema. Halafu ukaugua kweli, mafigo, na nyama yenyewe ukakatazwa. Nikajiambia: nikiirudisha harufu, Aabo atabaki. Asipobaki nitakuwa nimewapoteza nyote wawili katika msimu mmoja. Sikuwa na wazo jingine kichwani, na lile moja halikuniacha nilale wala nifundishe sawasawa. Nilisahihisha insha za darasa zima bila kujua nimesoma nini.

Unakumbuka tulivyolinunua hilo pipa? Pale kwa muuza vyombo kuukuu, likiwa limesimama peke yake katikati ya madumu ya plastiki. Mimi niliona mbao tu. Wewe uliona mahali pa kufukizia nyama, kama kibanda chako cha Bute. Ukatia kichwa chote ndani, na shela lako, ukakaa humo muda mrefu hata mwenye duka akaniuliza kama mama ananunua au anahamia. Sauti yako isiyojua 'p' wala 'v' ikatoka kama ya kisimani: "Kama hii ilikuwa ya bombe, mimi nasikia!" Akaapa wallahi ilikuwa ya siki, imetoka shambani kwa watu wa kutengeneza siki. Ukanusa tena. Ukatoa kichwa, shela limejaa vumbi, ukatangaza, "Siki. Biba hii nafaa." Nilitaka ardhi inimeze kwa aibu. Leo natamani nikuone tu umetia kichwa humo, hata kwa siku nzima.

Baada ya wageni wa msiba kuondoka nilikwenda uani nikakuta halipo. Yaani lilikuwepo, lakini si pipa tena. Jua la hapa lilikuwa limelikausha, mbao zimenywea, pete za chuma zimeteleza mpaka chini, na zile mbao zimelala kila moja upande wake kama maganda ya chungwa. Nilisimama nikalitazama. Nilidhani sasa ndipo nitalia, nikakuta nina hasira. Nikakunja mikono ya buibui nikaanza kuzisimamisha. Ukiegemeza moja, nyingine inaanguka. Nilizifunga kwa kamba ya kuanikia nguo, nikapandisha pete kwa nyundo, nikaloweka maji, nikagonga tena. Niligonga kabla ya kwenda shule na niliporudi, na Jumapili nikagonga mpaka jirani akatuma mtu aulize kama tunajenga. Nikamjibu kwa ukali. Nimeshamwomba radhi, usijali.

Likasimama. Nikanunua nyama ya ngamia, ya paja, nikaikata vipande virefu vyembamba na kuipaka chumvi kama ulivyonifundisha. Nikaitundika kwenye vijiti ndani ya pipa. Sasa sikiliza nilichofanya, na ucheke kama unaweza.

Nililifukiza kama chombo cha maziwa. Ndivyo mikono yangu inavyojua, Hooyo. Tangu utotoni nimekutazama ukitia kaa la moto ndani ya chombo, unafunga kifuniko, unatikisa, moshi unalala humo humo mpaka mti unanukia, kisha unapangusa majivu na kumimina maziwa. Nami nikatia karai la makaa ndani ya pipa, kwenye kitako, nikafunika juu kwa mfuniko wake, nikauwekea jiwe. Palipokuwa na mwanya nikapachomeka matambara. Hata lile tundu la kizibo ubavuni nililiziba kwa unga wa chapati. Moshi ukijaribu kutoka hapa, naukimbilia na donge la unga. Ukitokea kule, naukimbilia kule. Nilizunguka pipa lile kama mwenye kulinda mwizi asitoroke.

Nilipofunua, moto ulikuwa umekufa kwa kukosa hewa na nyama ilikuwa nyeusi, inatoka jasho, inanuka lami ya barabara. Na bado nikaipeleka kwa Aabo. Sijui nilifikiri nini. Alitafuna kidogo, akasema, "Alhamdulillahi, mwanangu," akageuka upande akaitema kwenye leso yake, akidhani simwoni. Kisha akachukua redio yake na kuanza kuifunga kwenye shali, tayari kwa safari.

Nilitoka nje nikalipiga pipa teke. Ukucha wa kidole gumba bado umevilia damu. Nilikusema pia, Hooyo, nisamehe. Nilisema kwa sauti kwamba ungeniambia inavyofanywa kabla ya kuondoka, badala ya kuniachia mbao na pete na mzee asiyekula.

Nikaingia jikoni kutafuta maji ya kunywa, nikachechemea mpaka katikati, na pale sakafuni nikaukanyaga ule mwanga. Lile duara la jua linaloshuka kutoka kwenye tundu lako la darini. Nilikuwa nimeshampigia simu fundi Mutua aje alizibe wiki hii, kwa sababu masika yaliyopita lilitulowanishia unga. Nikainua macho nikalitazama, nikakumbuka vile ulivyomsimamia Mutua akiwa juu ya ngazi na bati lake la mwisho mkononi. "Fundi, moshi nabita wapi?" Naye kwa upole wake wa Kikamba akakueleza kwamba jiko ni la gesi, mama, hakuna moshi. Ukamwambia, "Gesi ni yako. Moshi ni yangu. Wacha tundu." Akaacha tundu. Sote tulikucheka. Mvua ikinyesha ulikuwa unaweka sufuria chini yake na kusema, "Karibu mfua," kana kwamba umemwalika.

Nilibaki pale na kikombe kitupu. Niliiona Bute yote. Nyama yako ilining'inia juu kabisa, karibu na paa la kibanda, na moto ulikuwa chini, mbali nayo, na moshi ulipanda taratibu, ukaigusa, ukapenya kwenye mikeka ukaenda zake. Ulikuwa huufungii hata siku moja. Vyombo vya maziwa ndivyo ulivyovifunga, nami nilikuwa nimechanganya kazi zako mbili kwa sababu zote zilikuwa na moshi na zote zilikuwa na wewe.

Basi nikaanza upya. Nilitoa kitako cha pipa, likabaki wazi juu na chini. Nikachimba shimo la moto kando, hatua kadhaa kutoka kwenye pipa, nikachimba mfereji kutoka shimoni mpaka chini yake, nikaufunika kwa vipande vya bati na udongo. Mkono ulitoka malengelenge. Nikasugua mbao kwa majivu na maji ya moto mpaka ile lami ikatoka. Juu sikuweka mfuniko. Nililaza gunia lililoloweshwa, nikaacha pembe moja imeinuka. Kuni ni mgunga mkavu. Mti wa mathenge umejaa kila mahali na ningeupata bure, lakini nilikukumbuka ukisema mti unaong'oa meno ya mbuzi hautagusa chakula chako.

Leo asubuhi nikawasha. Abti Yusuf alikuwa njiani na gari. Aabo alikuwa ameshakaa kwenye kiti karibu na geti, mkoba miguuni, redio mapajani, kofia kichwani, kama mgeni anayesubiri kuruhusiwa aondoke. Nilichochea, nikaenda kuangalia gunia, nikarudi kuchochea. Moshi ulitoka mwembamba, mwepesi, ukaegemea ukuta, halafu upepo ukauchukua ukaupeleka getini.

Nilimwona akiinua kidevu. Alinyanyuka bila fimbo, Hooyo. Akaja polepole, akainua gunia, akatazama ndani, akakisogeza kijiti kimoja kilichokuwa kimegusana na mwenzake, vile vile ulivyokuwa ukivitenganisha wewe. Akasema, "Geuza hizi za pembeni." Nikageuza. Tukakaa hapo kutwa, yeye akiniamrisha na mimi nikitii, na tangu uondoke hatukuwahi kusemezana kiasi hicho. Zile nyembamba zaidi zilipokauka akachukua moja, akatafuna, macho amefumba. Hakuitema. "Hii ni yake," akasema, na machozi yakamshuka mpaka kwenye ndevu zenye hina, na wala hakusingizia moshi. Akala nyingine. Akala na ya tatu akiwa amesimama.

Ndipo honi ikalia nje.

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu. Magoti yako, Aabo. Dawa zako za presha, Aabo. Utaniacha na nani? Yote nilikuwa nayo mdomoni. Lakini nilimtazama, mzee wa watu amesimama na kipande cha nyama mkononi, shingo ameigeuzia geti, nikaona kwamba mimi nimekuwa na mfuniko na jiwe wakati wote huu, hata kwake. Nikaingia ndani nikaleta chombo chako kikubwa cha maziwa, kile chenye mshipi wa ngozi, nikamjazia nyama ya safari.

Akanizuia nilipofika nusu. "Hizo zingine ziache humo zikauke," akasema. "Ni zangu. Nitazirudia mvua ikianza." Akamwambia Abti Yusuf aniapie kwamba atamrudisha, na Abti akaapa huku akitafuna, maana naye alikuwa ameshaiba vipande viwili. Gari likaondoka. Nililisindikiza kwa macho mpaka kwenye kona ya duka la nyasi, nikasubiri ule moyo wa kukimbia huku na kule unirudie. Haukurudi. Nililia tu, kwa Kisomali, kwa sauti, na jirani akanisikia na hakutuma mtu.

Sasa nimekaa kwenye kigoda chako, kile ulichokuwa ukikikalia ukiuza maziwa, ambacho sikuthubutu kukikalia mpaka leo. Moto unakwisha wenyewe. Nyama za Aabo zinaning'inia.

Nakuaga hapa, Hooyo. Mungu akupe nafasi kubwa huko, na hewa safi, na asikuachie kiu. Nami nakuahidi hili. Nimempigia Mutua nikamwambia asije. Tundu lako halitazibwa maadamu nipo katika nyumba hii. Na mvua ikinyesha nitaweka sufuria chini yake, niikaribishe kama ulivyokuwa ukiikaribisha, kisha nitakwenda kumfungulia Aabo geti.

Binti yako,
Hodan